Picha Haiumi: Mwongozo wa Mtazamaji wa Bunia

Siku utakaposikia kwamba Bunia, mkoani Ituri nchini Kongo, kuna maonyesho ya picha kuhusu vita, rushwa, maisha ya wakimbizi na haki ya kusema, usijibu kwamba hayo ni mambo ya watu wa mashirika. Nenda. Panda moto (pikipiki), patana bei kabla hujakaa, na ukifika fuata mwongozo huu. Umeandikwa na mtu anayeupenda mji huu, na aliyechoka kuona watu wakipita mbele ya picha kama wakaguzi wa magunia ya maharagwe.

1. Nenda siku ya pili

Siku ya ufunguzi ni ya itifaki. Viti vya mbele vimevikwa vitambaa vyeupe, na kila anayeshika maikrofoni lazima awataje wakubwa wote kwa vyeo vyao. Ukiwa na muda, hudhuria: piga makofi, kunywa soda, kula sambusa. Lakini picha zitazame kesho yake, mchoraji anapokuwa ameketi karibu na mlango, hana mkubwa wa kumpokea, akingoja mtu wa kumuuliza swali. Mtu huyo ni wewe.

2. Tazama kwanza, jipige picha baadaye

Simu ikae mfukoni. Simama mbele ya picha moja mpaka jirani yako aanze kujiuliza una nini. Chukua mfano wa Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga, alivyochora kifo cha Patrice Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961. Anayepita mbio anaona maiti tatu. Anayesimama anaona misalaba mitatu kwa mbali, kisha anaona damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba: imetiririka chini na kuandika neno Unité, yaani umoja. Aliyekwenda mbio amekosa jambo lenyewe alilotaka kusema mchoraji.

3. Fungua mdomo

Usijifiche nyuma ya maneno "mimi sikusoma mambo ya sanaa." Tshibumba alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha 101 za historia ya nchi, mwaka 1973 na 1974, na akamsimulia hadithi ya picha hizo kwa Kiswahili. Hakungoja Kifaransa cha chuo kikuu. Picha za namna hiyo zilikuwa zikitundikwa sebuleni kwa watu wa kawaida wa Katanga, na watu wakaziita za ukumbusho. Mgeni aliinua macho ukutani, akauliza, na mazungumzo yakaanza: ya Wabelgiji na viboko vyao, ya vita, ya jamaa asiyerudi. Kwa hiyo muulize mchoraji: "Papa, huyu mama aliyebeba godoro anakimbilia wapi?" Hilo ni swali la kitaalamu kabisa.

4. Usianze na kabila la mchoraji

Hapa ndipo wengi wetu tunaanguka. Kabla hatujaona rangi, tumeshauliza jina la ukoo, na jina likishatupa jibu, picha tumeshaihukumu. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 vilitufundisha kuuliza hivyo, na wenye silaha wanapenda tuendelee. Uliza kitu kingine: amemchora nani, na amemwacha nani nje? Ukiona amechora maumivu ya upande mmoja tu, usinung'unike njiani. Mwambie ana kwa ana, kwa heshima: "Papa, wafu wetu wengine wako wapi?" Mchoraji mwema atalishukuru swali hilo, na huenda picha yake ijayo ikalijibu.

5. Mbele ya picha ya kadogo, yaani mtoto askari, punguza sauti

Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani hapa Ituri. Watoto hao sasa ni watu wazima. Mmoja wao anaweza kuwa motari aliyekuleta, au kijana aliyesimama nyuma yako. Mambo ya kuchekesha waambie wenzako nje. Hapo ukutani kuna maisha ya mtu.

6. Ogopa kwa akili

Ibara ya 23 ya Katiba ya 2006 inampa kila mtu haki ya kutoa maoni yake kwa neno, kwa maandishi na kwa picha, ndani ya mipaka ya sheria. Lakini tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Mwimbaji Delcat Idengo wa Beni alifungwa kwa sababu ya nyimbo zake. Tarehe 13 Februari 2025 alipigwa risasi akafa mjini Goma. Basi usirushe sura ya mchoraji kwenye WhatsApp kabla ya kumwomba ruhusa, wala usimtie maneno ambayo hakuyasema. Ushujaa ni wake, na hatari pia ni yake. Usimwongezee hatari hiyo ili wewe upate sifa.

7. Usitoke hivihivi

Kwenye kitabu cha wageni usiandike "Félicitations" ukaweka sahihi ndefu. Andika sentensi moja ya kweli: picha iliyokukasirisha, na kwa nini. Ukiwa na pesa, nunua, maana mchoraji hali pongezi. Usipokuwa nazo, rudi kesho na mtoto wa jirani, umwache aulize yeye.

Katiba imetaja neno, maandishi na picha. Picha mchoraji ameshaitoa, na ameitoa akijua gharama yake. Neno na maandishi ni zamu yako, na usiyaache yaishie mlangoni.