Magunia ya Baba Mdogo

"Mbona imekufa na kilo zangu?"

Baba mdogo aliuliza hivyo jana jioni, mbele ya wapakizi na mama wa chai, kidole bado kipo juu ya kibodi. Alikuwa amebonyeza 70, uzito wa gunia la kwanza la alizeti. Skrini ikamjibu: Segmentation fault. Mama wa chai akasonya. Hata utingo wa lori lililokuwa likijiandaa kuupanda mlima Sekenke alishuka kuja kuchungulia.

Kwenye programu yangu ya C nilikuwa nimeandika scanf("%d", kilo). Kumbe mbele ya kilo panatakiwa alama ya &. Basi, hiyo tu.

Na hapo ndipo panaponoga. Hiyo scanf haina haja ya kujua kilo ni ngapi. Inataka kujua kilo inakaa wapi, ili ikaiweke 70 humo. Ni kama kijana anayekuletea kitanda: anahitaji namba iliyo kwenye kile kibao cha anwani za makazi tulichobandikiwa mwaka 2022, si idadi ya watoto wako. Mimi kilo niliianzishia sifuri, kwa hiyo scanf ikabeba 70 ya baba mdogo mpaka anwani sifuri, mahali ambapo mfumo endeshi haumruhusu mtu kukanyaga. Programu ikauawa palepale. Halafu pointa, yaani kile kinachobeba anwani, nayo inakaa kwenye memori, ina anwani yake, na unaweza kuielekezea pointa nyingine! Kwenye laptopu yangu namba inachukua baiti 4, anwani yake inachukua 8: kibao kikubwa kuliko nyumba. Ukiongeza 1 kwenye pointa hiyo, inaruka baiti 4, maana inajua imeelekezwa kwenye kitu cha ukubwa gani. Nilimweleza baba mdogo haya yote. Akaagiza chai.

Kinachoniuma ni kwamba kompaila iliona. Ilitoa onyo, kwa Kiingereza, kisha ikaijenga programu hivyohivyo. Dennis Ritchie aliitengeneza C kule Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya waandishi wa Unix, watu walioaminika kujua wanachofanya. Sawa. Sisi tuliojifunza hesabu kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, chuoni tulisomewa slaidi za Kiingereza, na mwalimu alipofika kwenye pointa akasema ni rahisi, tukasome wenyewe. Ada hakupunguza. Na ada ile ilitoka kwenye alizeti hizihizi.

Asubuhi niliweka &. Mchana nikarudisha anwani ya kitu kilichokwisha kufutwa.

Jioni hii programu imepokea magunia yote, ikapitiliza mwisho wa orodha, ikajumlisha na takataka za jirani. Jumla imetoka hasi. Baba mdogo anauliza hizo alizeti tunadaiwa na nani.