Barua ya Wazi kwa Kampuni Iliyojua Kabla ya Ndugu Zangu

Kwa Meneja wa Matangazo,
Kampuni Yetu ya Intaneti (mnajijua),
Nairobi.

KUH: OMBI LA KULETEWA NYUMBANI KIJANA WENU ANAYENISOMA

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Embu, ambako mvua imenyesha na mtandao wenu umelala, kama desturi. Barua hii nimeiandika kwanza kwa kalamu na karatasi. Bando ninalo. Niliona tu ni vyema kwa mara moja msome jambo langu siku moja na watu wengine, badala ya kulisoma mapema.

Nianze kwa pongezi. Juzi usiku nilikaa jikoni nikitafuta kwenye simu uvimbe wa shingo huletwa na nini, na ni wapi upande wa Meru mtu anaweza kumpata daktari wa tezi. Mama yangu, aliye Nkubu, alikuwa amewaficha watoto wake kwamba chakula hakipiti vizuri. Ndugu zangu hawakuwa na habari. Mke wangu alikuwa amelala. Asubuhi chai haijachemka, simu ikalia: bima ya mazishi, shilingi chache tu kwa siku, kwa familia nzima, "hadi wazazi". Ikafuata meseji ya mkopo wa dakika mbili. Ikafuata ya kubeti, yenye mpira unaowaka moto.

Katika nchi hii sijawahi kuhudumiwa haraka namna hiyo. Cheti cha kuzaliwa nilikifuatilia hadi mtoto akaanza shule.

Na si mara ya kwanza. Mei 2024, Mombasa ilipopiga marufuku muguka, majani yetu ya kutafuna, nilikesha nikisoma habari hizo kama alivyokesha kila mtu mwenye shamba Mbeere. Kulipokucha nilikuwa natangaziwa vituo vya kuacha uraibu. Mimi sitafuni hata kijani cha chai. Nilitaka kujua kama karo ya muhula ujao itapatikana. Nikipanda matatu ya kwenda Meru, makanga hajamaliza kukusanya nauli, na Runyenjes hatujafika, tayari nimeuziwa kiwanja. Chuka nauziwa hosteli za wanafunzi. Nikifika Nkubu nauziwa mbolea. Busta zenu, ile minara ya mtandao, zinanijua kila kilima. Cha ajabu, nikishuka kwenye bonde la Nithi nikijaribu kumpigia mama kumwambia niko njiani, busta hizo hizo hazinioni.

Najua jibu lenu, kwa hiyo niwapunguzie kazi ya kuliandika. Mtasema si ninyi, ni Google, ni Facebook, ni programu nilizopakua mwenyewe. Huenda. Mteja wenu hana njia yoyote ya kujua meseji ya jeneza ilianzia mlango gani, na mmepanga mambo yabaki hivyo. Lakini tusidanganyane kama wageni. Kile kikufuli kando ya anwani ya tovuti huficha ninachosoma ndani ya ukurasa. Jina la tovuti, kwa kawaida, hupita mikononi mwenu, pamoja na saa niliyofungua, muda niliokaa na busta iliyonibeba. Mtu akifungua tovuti ya saratani saa nane usiku, kisha ya hospitali, kisha ya mikopo, nani ana haja ya kusoma ukurasa wenyewe?

Wala hamko peke yenu, mna ukoo mkubwa. Marekani, kampuni ya Verizon ilikuwa ikibandika alama ya siri kwenye safari za wateja wake mtandaoni ili watangazaji wawatambue. Mwaka 2016 ikatozwa dola milioni 1.35. Mwaka uliofuata Bunge la huko likafuta kanuni ambazo zingezilazimu kampuni za intaneti kumwomba mteja ruhusa kwanza. Uingereza, kampuni ya simu ya BT ilijaribu mtambo wa matangazo wa Phorm kwa wateja wake mwaka 2006 na 2007 bila kuwaambia, ikaja kujulikana 2008. Na hapa kwetu, Machi 2017, watafiti wa CIPIT katika Chuo Kikuu cha Strathmore waliandika kwamba wameona dalili za kifaa kilichokaa katikati ya njia kwenye mtandao wa simu wa Safaricom, kifaa cha aina inayoweza kurahisisha mwendo wa mtandao na vilevile kupekua kinachopita. Kampuni ilikana. Siwataji hao kama anwani ya barua hii. Kampuni yangu, nimeshasema, inajijua.

Sasa ombi. Nileteeni nyumbani huyo kijana anayenisoma.

Mkisema si mtu, ni mashine, basi aje aliyeiagiza. Aje Jumamosi, siku ambayo wazee hawana shughuli nyingi. Apande gari Embu, ashuke Nkubu, achukue boda. Sitamwelekeza, sitaki kumtukana mtu anayejua hata mlango ninaokaa nikipata mtandao. Anachohitaji kufundishwa ni adabu ya kuingia. Kwetu, mtu aliyependa kitu katika boma la mwenzake hutanguliza ncoolo, lile fungu la miraa lililofungwa kwa heshima. Wazee wakilipokea, mazungumzo yanaanza. Wakilikataa, anageuka nalo na hakuna aliyeumia. Kijana wenu ameshafika hadi jikoni bila hata kijiti kimoja.

Kwa hiyo aje na ncoolo. Miraa itoke Igembe, ikatwe siku hiyo hiyo, ifungwe kwa majani ya mgomba. Ya juzi wazee huitambua kwa kuigusa tu, hata kabla ya kuifungua. Aongeze sukari na majani ya chai kwa ajili ya mama. Asali si lazima, ingawa mimi ningekuwa yeye ningeileta. Ataketishwa kwenye benchi la mbao lisilo na mto, mahali wanapoketi waposaji wote, na ataulizwa kwa Kimeru. Mkalimani tutampa, kwa sababu sisi hatuna desturi ya kumfunga mtu kwa maneno asiyoyaelewa.

— Umekuja kufanya nini?

— Kuboresha huduma kwa mteja.

— Hatujauliza hilo. Umechukua nini katika boma hili?

— Data ya matumizi.

— Hiyo ni ya kuliwa au ya kupandwa?

— Ni kumbukumbu za mahali alipopita mtandaoni.

— Hata usiku?

— Hata usiku.

— Nani alikupa?

— Alikubali vigezo na masharti.

— Nani alimsomea?

Hapo patakuwa na kimya kidogo. Mzee wa pili atatema pembeni, taratibu, kisha ataleta swali ambalo limewatoa jasho vijana wengi pale: ukishachukua, unampelekea nani? Akijibu "washirika wetu", ataambiwa awataje. Akimtaja mmoja, ataulizwa: na mwingine? Akimtaja wa pili: na mwingine? Sisi hatuna haraka, na miraa aliyoileta mwenyewe huondoa usingizi.

Akiisha kuwataja wote, na wazee wakiridhika, atakuwa mtu wa nyumbani. Tutamwingiza kwenye grupu la WhatsApp la familia siku hiyo hiyo. Atapewa zamu ya kumpeleka mama kliniki, maana tarehe anazijua. Atafanywa mweka hazina wa mchango wa hospitali; hakuna anayefaa kumshinda, kwa kuwa anajua ni ndugu yupi analia hana kitu huku kila jioni anaangalia bei za magari. Mjomba akifungua tovuti ya kamari, badala ya kumwongezea nyingine tatu, atampigia shangazi. Ng'ombe wa jirani akipotea, ataulizwa yeye kwanza. Na siku ya msiba, msiba ule aliouona mapema kuliko sisi sote, atakesha nasi, atabeba viti kutoka kanisani, atachimba kaburi na vijana wenzake, na akimaliza atanawa mikono na kula chakula cha mwisho kama wanavyokula waliochimba.

Kwa sababu hivyo ndivyo wanavyofanya watu wanaojua kwamba mama wa mtu anaumwa. Huja. Huuliza amelala vipi. Huleta maziwa. Ninyi mlijua kabla ya kaka yangu, kabla ya mchungaji, kabla ya mke wangu aliyelala chumba cha pili, na mlichoona katika kujua huko ni biashara ya jeneza. Hamkusema pole. Ni watu wa namna gani wanaokaa ofisini, wamevaa tai, wakipanga wagonjwa wa nchi hii kwa mafungu, hawa wa kuuziwa mkopo, hawa wa kuuziwa mazishi? Nanyi mna mama. Mama yangu si soko.

Mama yuko hai. Asanteni kwa kutouliza.

Mniwie radhi. Barua za ofisini hazipandishi sauti, narudi kwenye adabu.

Kwa upande wa sheria, sina sababu ya kuwatia hofu. Katiba ya 2010, ibara ya 31, inalinda faragha ya mawasiliano yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inamkataza mtu kutumia data yangu kibiashara bila idhini yangu ya wazi, isipokuwa sheria imemruhusu na mimi nimejulishwa. Idhini ya wazi! Yangu mliipata siku ya kusajili laini, foleni imefika barabarani, mtoto mgongoni mwa aliye mbele yangu analia, binti wa dukani ananisogezea kijisanduku kwenye kioo na kuniambia, "Bonyeza hapo mzee, wengine wanangoja." Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama mayai ya chawa. Kama huko ni kukubali, basi hata aliyepigwa nusu kaputi hospitalini amekubali kila alichofanyiwa.

Kuna kifungu kimoja cha sheria hiyo ya data, cha 63, ambacho nimekisoma mara nyingi kwa sababu kinanichekesha wakati vitu vingine havinichekeshi. Kinasema kampuni ikikosa inaweza kutozwa hadi shilingi milioni 5, au hadi asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, na kati ya hizo mbili itachukuliwa iliyo ndogo. Iliyo ndogo! Yaani kadiri kampuni inavyokuwa kubwa, ndivyo faini inavyozidi kufanana na chenji ya kununulia wageni maandazi. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza baa ya Casa Vera shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake, na kampuni ya mikopo ya Mulla Pride shilingi 2,975,000 kwa matumizi ya majina na namba za watu zilizopatikana kupitia wengine. Nashukuru, kwa dhati. Mteja aliyewekwa picha mtandaoni amepata haki. Natamani tu ningekuwa na picha ya kijana wenu akiniangalia pale jikoni, maana kesi yangu ingekuwa nyepesi.

Maombi mengine ni madogo, yasiwapotezee muda. MB zinazoliwa na matangazo niliyokataa, mnirudishie; nilizinunua kwa pesa yangu ili nione habari, si ili nilipie nauli ya mtu anayekuja kuniuzia. Masharti yenu yaandikwe kwa Kiswahili, Kimeru na Kiembu, ukurasa mmoja, herufi za kuonekana na mtu wa miaka sabini. Nikituma neno STOP, lisiwe ndilo linalowathibitishia kwamba namba ina mtu. Na busta ya upande wetu itengenezwe.

Naelewa kwamba ombi la kijana linaweza kukwama kwa bajeti. Mkishindwa na nauli, tutachanga. Mkishindwa na miraa, nitanunua mimi, mradi aibebe yeye.

Wenu mtiifu,

Mteja. Jina, namba na nyumba mnavyo.

Nakala kwa: Kamishna wa Ulinzi wa Data; Mamlaka ya Mawasiliano; wazee wa Nkubu, waniandalie benchi.

Nakala pia kwako msomaji, hasa wewe uliyepata tangazo la dawa ya ugonjwa ambao hujamwambia mtu. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, kuiona, kupinga isitumiwe, na kutaka iliyo ya uongo au ya kupotosha ifutwe. Iandikie kampuni yako, uulize ina nini chako na imempa nani. Weka nakala ya barua yako na tarehe. Wasipokujibu, peleka malalamiko kwa Kamishna. Sheria imempa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza.