Adabu za Kuishi na Plastiki Iliyozeeka

Vitz au Demio ya mwaka 2003 imeshakuwa mzee. Injini bado ina nguvu na gia zinaingia, lakini plastiki zake zimefika umri wa kusogezewa kiti, nasi tunazishika kibabe. Mtu anayemwamkia babu yake kwa mikono miwili ndiye huyo huyo anayevuta kishikio cha mlango mpaka kinabaki kiganjani, halafu anamlaumu Mjapani. Mwongozo huu ni wa adabu, na ninaomba ufuatwe neno kwa neno. Tangu Novemba 2023, dola ilipopanda kwa siku moja kutoka kwacha 1,180 hivi hadi 1,700, kila klipu inayovunjika Malawi inauma kuliko zamani.

Adabu ya kwanza ni ya saa. Mzee hatembelewi alfajiri. Lilongwe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kweli. Huku kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, hali ni hiyo hiyo. Plastiki iliyopigwa na jua miaka ishirini imechakaa ndani kwa ndani: mionzi imekata minyororo mirefu ya molekuli zake, na kwenye dashibodi joto limefukuza vilainishi vilivyotiwa kiwandani. Baridi ikiongezeka juu ya hapo, inakakamaa. Ukichokonoa paneli ya mlango saa kumi na mbili na nusu utasikia "tak", na hiyo "tak" ina bei. Egesha juani, kunywa chai, rudi saa nne.

Kama safari haingoji, leta jua mwenyewe. Kuna fundi Mkongo hapa kambini ambaye haanzi kazi ya plastiki kabla birika halijachemka kwenye mbaula, yaani jiko la mkaa. Analoweka kitambaa, anakikamua, anakilaza juu ya ukingo wa paneli na kusubiri. Halafu anapenyeza mpini wa mswaki wa zamani, siyo bisibisi, karibu kabisa na klipu. Siku moja mwenye gari, mtu mzima mwenye haraka zake, alinyoosha mkono kusaidia. "Papa, usivute," fundi akamwambia bila kuinua kichwa. "Tuisikilizie kwanza." Klipu zikatoka moja moja, nzima, na zile za nailoni akazitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto. Nailoni hunywa maji, na ikishakunywa hupinda badala ya kukatika. Kikombe kimoja cha maji, na mlango mzima ulirudi mahali pake bila gundi hata tone.

Adabu ya pili: uliza jina kabla ya kutoa dawa. Geuza kipande, tafuta herufi ndogo zilizochorwa upande wa nyuma. PP ni polipropilini, na bampa nyingi za magari ya Kijapani ni za ukoo huo. ABS utaikuta kwenye vifuniko vigumu na grili. PA ni nailoni. Herufi zikiwa zimefutika, kata kichembe ukitie kwenye kikombe cha maji: PP tupu huelea, ABS na nailoni huzama. Jaribio hili halina gharama, na bado watu wanamaliza chupa za supaglu kwenye bampa ya PP, ambayo haishikani na supaglu kabisa. Itakaa mpaka tuta la kwanza.

ABS ni mpole. Chukua mabaki ya ABS hiyo hiyo, yayeyushe kwenye asetoni mpaka yawe uji mzito, paka kwenye ufa, acha usiku kucha. Supaglu nayo huishika vizuri, na ukinyunyizia soda ya kuokea juu ya gundi mbichi, inaganda papo hapo na kuwa ngumu kiasi cha kupigwa msasa. Fanyia nje, mbali na moto na pua za watoto.

PP inataka moto au sindano. Kwa moto, unapasha waya mnene, unautumia kuzamisha vipande vya wavu wa chuma ndani ya plastiki iliyolainika, kisha unafunika kwa plastiki ya PP iliyokatwa kwenye bampa iliyokufa. Kwa sindano, unatoboa matundu pande zote mbili za ufa kwa msumari wa moto na kushona kwa waya wa shaba. Kabla ya kushona, toboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa, la sivyo ufa utaendelea na safari yake. Wapo wanaocheka bampa zenye mishono. Mimi naziona nzuri, na ninamheshimu aliyezishona kuliko aliyebandika utepe.

Ukishindwa, nenda kwa wauza vipuri wa Tsoka, katika mji wa zamani wa Lilongwe. Msalimie muuzaji vizuri, umwite achimwene, yaani kaka, na usionyeshe kwamba umelala nje ya gari kwa sababu mlango haukufunguka. Kipande kikiletwa, kipinde kidogo sana karibu na tundu la skrubu. Kikipauka mstari mweupe au kikiwa na unga wa kijivu juu yake, kirudishe kwa shukrani. Umri wake ni sawa na wa kile ulichovunja. Dai klipu na skrubu zake pia, kwa sababu hizo ndizo utakazozitafuta kesho.

Hapa utani naupumzisha. Tanki la plastiki la juu ya rejeta halishonwi wala halibandikwi. Hilo ni nailoni yenye nyuzi za kioo, limechemshwa miaka ishirini, na linapogeuka kutoka jeusi kuwa la kahawia linakuaga. Litasukumwa kutoka ndani na shinikizo la karibu baa moja kila unapopanda mlima, na gundi yoyote itaachia ukiwa mbali na msaada. Maji yakiisha, kichwa cha injini kinapinda, na gari la familia linakuwa banda la kuku. Weka rejeta nyingine. Tumia maji ya rejeta yenye kinga, si ya bomba. Soma namba ya mfuniko: ulioandikwa 1.1 usiuweke palipoandikwa 0.9. Kikopo cha mafuta ya breki kilichopasuka nacho kinabadilishwa, hakibembelezwi.

Taa zilizofifia usizipanguse kwa petroli wala dawa ya mbu. Zitang'aa wiki moja, kisha plastiki yake ya polikaboneti itajaa nyufa. Tumia msasa laini na maji mengi.

Zimebaki tabia za abiria, na hapo ndipo kazi ilipo kubwa zaidi. Ukimpa mtu lifti kwenda Dowa, mwambie kabla hajapanda kwamba mlango huu haupigwi na kishikio hiki hakivutwi mara mbili. Kama ni shemeji, usimwambie. Shuka, zunguka, umfungulie mwenyewe kwa nje.