Gari la Japani, Simu ya Kariakoo

Mwenye IST mmoja wa Tabata alinunua Kariakoo transimita ya FM, ile ndogo inayochomekwa kwenye kiberiti cha gari. Inachukua muziki kwenye simu kwa Bluetooth, inaurusha kama kituo cha redio, na redio ya gari inaudaka. Akaiweka 88.0, redio nayo akaiweka 88.0, akaongeza sauti. Yakatoka mahubiri.

Tatizo lilianzia Japani. Kule redio za zamani za magari hushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90 tu, wakati vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana mafundi hufunga ekspanda kwenye waya wa antena, ishushe masafa mpaka redio iyafikie. Ikishusha kwa 12, kituo cha 100.0 kinasikika redio ikiwa 88.0. Na ekspanda haichagui: kila kinachopitia antena inakishusha, transimita ikiwamo. Kwa hiyo redio ikikaa 88.0, transimita iwekwe 100.0. Ni hesabu ya kutoa tu, lakini hebu ifanye pale Ubungo, trafiki anakupungia mkono, honi nyuma yako, na shangazi kiti cha nyuma anauliza kama muziki utaanza kabla ya Kibaha.

Ukiipatia hesabu, bado kuna foleni. Gari la pembeni likiwa na transimita kwenye masafa yaleyale, nyimbo zinahamiana. Mtu anatoka Buguruni na taarabu yake, akifika Tazara anajikuta na kwaya. Mwenye kwaya naye kule anageuka kutafuta nani kamwekea taarabu Jumapili asubuhi.

Waliobadilisha redio wakaweka yenye Bluetooth wameepuka hayo yote, wakaangukia aibu. Redio huikumbuka simu iliyowahi kuunganishwa, na mawimbi hufika kama mita 10, ukuta ukiruhusu. Mama anawasha gari uani awapeleke watoto shule. Baba yuko bafuni na simu yake. Simu inaita, baba anapokea: haloo, haloo, kimya. Sauti yote iko garini. “Kaka, ile hela vipi? Au shemeji bado anaamini uliibiwa?” Watoto wanasikia vizuri zaidi, maana spika kubwa ziko nyuma.

Wenye iPhone wana lao. Wakichomeka waya wa USB, mara nyingi simu inaanza yenyewe kupiga wimbo wa kwanza kwa mpangilio wa alfabeti, kila siku uleule. Mwaka 2017 Samir Mezrahi wa Marekani akatoa “A a a a a Very Good Song”: karibu dakika 10 za kimya kitupu, ziwe juu ya orodha ili dereva apate nafasi ya kuchagua anachotaka. Watu wakanunua kimya hicho, kikapanda chati za iTunes. Kariakoo haijafikia biashara hiyo, ingawa abiria wa daladala wangechanga.

Fundi mzuri atakushauri uweke redio yenye tundu la AUX: waya mmoja, hakuna hesabu, hakuna mdai. Kabla hujamlipa, itazame simu yako. iPhone ziliacha tundu la spika za masikioni mwaka 2016, na simu nyingi nyingine zikafuata. Na ukiazima gari la mtu, futa jina la simu yako kwenye redio kabla ya kurudisha ufunguo.