Namna ya Kuiua Squeak Asubuhi na Kuifufua Jioni

Hongera kwa uamuzi wako. Wenzako wamejifunza Python, wakapata kazi, na sasa wanakopesheka. Wewe umechagua Smalltalk, lugha iliyozaliwa mwaka 1972 mikononi mwa akina Alan Kay na Dan Ingalls katika maabara ya Xerox PARC kule California. Tena umeichagua kwa sura ya Squeak, iliyotoka Apple mwaka 1996. Mtu akikucheka, mjibu kwamba Scratch, ile programu ya watoto, ilipotolewa mwaka 2007 ilikuwa imejengwa ndani ya Squeak. Atanyamaza kwa dakika moja. Itumie dakika hiyo kuanza hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: tenganisha ndugu

Squeak huishi kwa mambo manne. Ipo mashine pepe, inayoendesha kila kitu. Lipo faili la .image, lililobeba objekti zote kama zilivyokuwa ulipohifadhi mara ya mwisho, pamoja na madirisha uliyoyaacha wazi. Lipo la .changes, linalorekodi kila badiliko unalolifanya kwenye msimbo. Na lipo la .sources, lenye msimbo asilia wa mfumo.

Waoga huyaweka yote mahali pamoja. Wewe nakili .image peke yake kwenye flashi, umpelekee rafiki. Litafunguka, kisha litalalamika kwamba wenzake hawaonekani. Rafiki akitaka kusoma msimbo, ataletewa uliokisiwa upya, wenye vigeu vinavyoitwa t1, t2 na t3. Mwambie ndivyo wataalamu wanavyoandika.

Likigoma kabisa kufunguka, laumu kompyuta. Usithubutu kuangalia kama imeji ni ya biti 64 na mashine pepe ni ya biti 32, maana hapo utakuwa umeshapata jibu na siku bado ni mbichi.

Hatua ya pili: piga hesabu kwa kiburi

Fungua dirisha la Workspace, andika 3 + 4 * 2, teua mstari huo, kisha bonyeza Alt na p. Utapata 14. Mwalimu wako wa hesabu angesema 11, na angesema huku ameshika chaki kwa hasira. Huu ndio wakati mwafaka wa kutangaza kwamba umegundua hitilafu ambayo mabingwa hawakuiona kwa miaka yote hii.

Usijisumbue kujua kwamba katika Smalltalk alama ya kujumlisha ni ujumbe kama ujumbe mwingine wowote. Namba 3 hupokea ujumbe wa kujumlisha 4, huzaliwa 7, kisha 7 hupokea ujumbe wa kuzidisha kwa 2. Kutoka kushoto kwenda kulia, basi. Ile MAGAZIJUTO uliyoikariri darasani, humu imebaki na MA peke yake: mabano.

Hatua ya tatu: ipuuze nukta

Sentensi za Smalltalk hutenganishwa kwa nukta, lakini nukta ni ndogo na wewe una mambo makubwa. Andika mstari wa kwanza Transcript show: 'Habari', usiweke kitu mwishoni, kisha wa pili Transcript cr. Squeak itadhani unalituma neno la pili la Transcript kwa 'Habari' kama ujumbe, na itakuuliza kwa adabu kama kweli ndivyo unavyotaka. Thibitisha. Daima thibitisha. Maswali ya mashine hujibiwa ndiyo, kisha yanasomwa baadaye.

Hatua ya nne: dirisha la kosa likitokea, lifunge haraka

Mapema au baadaye utaona maneno MessageNotUnderstood: UndefinedObject, yakifuatwa na jina la ujumbe wako. Maana yake umeagiza kitu kwa nil, objekti pekee ya klasi hiyo, inayokaa kwenye kila kigeu ambacho hukukipa thamani. Mkono mtupu haulambwi, lakini wewe endelea kuulamba. Bonyeza Abandon, rudia yaleyale, ona dirisha lilelile, bonyeza tena.

Kitufe cha Debug kiogope kama deni. Ukikibonyeza utaona msururu mzima wa methodi zilizokufikisha hapo, na thamani ya kila kigeu. Mbaya zaidi, utaweza kurekebisha methodi palepale, ukaihifadhi, na programu ikaendelea bila kuanza upya. Hata methodi isiyokuwepo unaweza kuiunda humohumo kwa kitufe cha Create. Mchezo huu ni wa zamani: mwaka 1979 Steve Jobs alitembelea Xerox PARC, akalalamika kwamba maandishi yanapanda na kushuka kwa kurukaruka mstari mmoja mmoja. Dan Ingalls akabadilisha jambo hilo mbele yake, mfumo wa Smalltalk ukiwa unaendelea kufanya kazi. Tabia kama hizo huwanyima watu visingizio.

Hatua ya tano: ua

Anza kistaarabu kwa [true] whileTrue. Skrini itaganda. Wapo watakaokushauri ubonyeze Alt na nukta ili kuukatiza mzunguko huo. Ushauri huo hufanya kazi, kwa hiyo ukatae. Kisha panda daraja: true become: false. Umeamuru ukweli na uongo vibadilishane nafasi katika mfumo mzima. Usisubiri jibu, aliyetakiwa kujibu hajui tena lipi ni kweli.

Kama uharibifu wako ni wa polepole na bado kipanya kinatembea, kimbilia kuhifadhi. Imeji huhifadhi kila kitu kwa uaminifu, na ubovu nao ni kitu. Kesho utaukuta umekungoja.

Kufufua, kwa wenye aibu

Ifunge kwa nguvu kupitia mfumo endeshi, kisha ufungue tena. Imeji itarudi ilivyokuwa ulipohifadhi mara ya mwisho. Ulichokiandika baada ya hapo hakijapotea: kila methodi uliyoikubali iliandikwa papo hapo kwenye .changes, hata kama umeme ulikatika sekunde iliyofuata. Tafuta kwenye menyu mabadiliko yaliyorekodiwa karibuni, teua unayoyataka, uyarudishe, ukiuacha nyuma ule mstari ulioleta msiba. Objekti ulizoziumba baada ya kuhifadhi zimekwenda, msimbo umebaki.

Na kama umechoka na kejeli, haya ndiyo ya kweli: kila asubuhi nakili .image na .changes kwa pamoja kabla hujagusa kitu, weka mabano, na usome mstari wa kwanza wa dirisha la kosa kabla ya kulifunga. Ukishafanya hivyo, iharibu Squeak utakavyo. Ni miongoni mwa mifumo michache inayokuruhusu kufanya hivyo na bado kukuonyesha ulipokosea.