Hatua Sita za Kupigwa Picha Kama Bibi wa Wanjohi

Je, unataka picha kama zile za mabibi wa Kiingereza waliotamba kati ya Nakuru, Gilgil na bonde la Wanjohi, nchini Kenya, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza? Fuata hatua hizi.

Kwanza, pata cheo. Zaliwa nacho au uolewe nacho. Lady Idina Sackville, mmoja wa mabibi hao, alifanya yote mawili: baba yake alikuwa Earl De La Warr, na mumewe wa tatu, Josslyn Hay, alirithi cheo cha Earl wa Erroll mwaka 1928. Aliolewa mara tano.

Pili, panda meli. Studio zenye jina, kama Bassano, zilikuwa London.

Tatu, pamba shingo. Vaa lulu, geuza uso upande kidogo, funga midomo. Shingo ndiyo inayotangaza utajiri.

Nne, mheshimu fundi wa penseli. Kwenye kioo cha picha, yaani negativu, giza na mwanga hubadilishana mahali, kwa hiyo kunjo la uso huonekana kama mstari mwangavu. Fundi huujaza kwa ncha ya penseli, polepole, na picha ikisafishwa umri umepungua miaka kumi.

Tano, liache shamba nje. Asionekane aliyekama ng'ombe, wala aliyepiga pasi gauni. Miaka hiyohiyo, sheria ya kikoloni ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Bibi alipigwa picha. Mchunga ng'ombe wake alichukuliwa alama za vidole.

Sita, andika jina. Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote. Vioo vingi vya picha vya Bassano vimetunzwa National Portrait Gallery, London, na majina ya waliopigwa yanajulikana. Kwetu, nyanya yumo katika albamu, amesimama mbele ya pazia la studio ya mjini, mkono begani mwa dadake, na wajukuu hawajui dada huyo ni nani.

Basi Jumapili hii itoe albamu. Muulize mzee aliyebaki. Chukua penseli laini, maana wino huipenya karatasi, uandike nyuma: jina, mahali, mwaka. Mabibi walitumia penseli kufuta makunyanzi. Sisi tuitumie kuwahifadhi watu wetu.