Wati Sita za Kwenye Boksi

Saa nne usiku, mwezi wa saba, baridi ya Mbeya inang'ata masikio, nami nimesimama nje na blanketi mabegani, naikodolea macho mita ya LUKU. Ndani nimezima kila kitu isipokuwa seva. Mita yetu imeandikwa kwamba kitaa chake chekundu kinapepesa mara 1,000 kwa uniti moja. Kikapepesa. Nikabonyeza saa ya simu. Sekunde 36, kikapepesa tena. Jirani akapita, akasalimia kwa mbali, akaongeza mwendo. Kesho yake mtaa mzima ukawa unajua kwamba mpiga video siku hizi anaongea na mita.

Sekunde 36 kwa mpepeso maana yake wati 100. Wati 100, saa 24, siku 30: uniti 72. Sisi friji hatuna, Mbeya ya mwezi wa saba yenyewe ni friji. Taa, TV na pasi vilikuwa vinakula uniti 40 hivi kwa mwezi, tukajikalia kwenye lile kundi la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi elfu moja inakupa uniti nane. Seva ikatuhamisha. Elfu moja sasa inatoa uniti mbili na vijisenti. Umeme wa elfu tano ukawa wa elfu arobaini. Na maji yanayozungusha mitambo ya Mtera yanatoka bonde la Usangu, mkoa huuhuu! Yanashuka na Ruaha Mkuu bure, yanarudi nyumbani kama tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita.

"Huyu mgeni wako anaondoka lini?" mama watoto akauliza.

Mgeni mwenyewe ni kompyuta kuukuu ya ofisini yenye prosesa Core 2 Quad ya mwaka 2007. Niliiweka ihifadhi video za harusi, kwa sababu watu wa harusi nawajua: ndoa inafikisha mtoto wa pili ndipo wanakumbuka kuulizia video, na wanaitaka leo. Kwa hiyo seva inakesha. Kazi inafanya nusu saa kwa siku, saa zilizobaki ni bodaboda aliyewasha injini kijiweni tangu alfajiri akisubiri abiria.

Nikaenda Mwanjelwa kutafuta mazabodi na prosesa zisizokula umeme. Kijana wa dukani akanitolea mazabodi yenye taa za rangi saba.

"Hii haili kabisa, mzee."

"Na hizo taa?"

"Hizo ni urembo tu."

Nikampigia mpwa wangu, fundi wa kompyuta Iringa. Shikamoo haijaisha kanieleza kuna prosesa ya Intel inaitwa N100, ya mwaka 2023, imeandikwa wati sita. Inakuja imechomelewa kabisa kwenye mazabodi ya sentimita 17 kwa 17, nyingine hazina hata feni. Wati sita! Nilipiga hesabu palepale: uniti nne na kidogo kwa mwezi. Usiku huo nililala kama mtu aliyelipwa deni.

Nikapanda basi. Makambako upepo ukatupokea kama kawaida yake, Mafinga nikanunua mahindi ya kuchoma, Ipogolo nikashuka. Mpwa kanikalisha, akanimwagia maji ya baridi.

"Mjomba, hizo sita ni za prosesa peke yake. Ni sawa na kupigia hesabu ya chai majani tu, ukasahau sukari, maziwa na mkaa. Mazabodi ina zake, memori ina zake, kila diski inayozunguka inataka wati tano hivi. Na hiyo pawasaplai yako ya wati 500 usithubutu kuifunga hapa. Ni fuso kupeleka debe moja la viazi Tunduma, mafuta yote yanaishia barabarani."

Akaniuzia na pawasaplai ndogo kama chaja ya laptopu. Undugu haukuonekana kwenye bei. Nikarudi Mbeya nimeipakata mazabodi kama mtoto wa kliniki, na abiria wa pembeni kuanzia Mafinga hadi Igawa akaniuliza mara tatu kama kisimbuzi hicho kinashika mpira.

Nikafunga. Ikawaka kimya, mpaka nikadhani imekufa. Saa nne usiku, blanketi, mita. Kitaa kikapepesa. Dakika moja. Mbili. Miguu ikafa ganzi. Dakika ya tano kamili kikapepesa tena. Wati 12! Uniti nane na nusu kwa mwezi, kwenye kundi letu tunarudi. Nikaingia ndani nikijiimbia.

Siku mbili baadaye nikaamshwa na makelele. Vifaranga. Kumbe siku zote hizo mama watoto alikuwa analea vifaranga 30 kwenye boksi nyuma ya ile mashine kuukuu, pale feni inapotema joto. Mimi nilidhani amewaweka pale kwa kukosa nafasi. Mashine mpya haina joto hata la kukausha soksi, vifaranga wamerundikana kona moja wanalia, na mama watoto ananitazama kama mimi ndiye baridi.

"Wewe umeleta kompyuta isiyo na faida," akasema, akachomeka taa ya wati 60 juu ya boksi.

Nimetoka tena jana usiku kuhesabu. Sekunde 50. Uniti 52 kwa mwezi, ongeza 40 za nyumba, 75 tumezipita. Kwa hiyo ndugu msomaji uliyeko Mbeya, kuanzia mwezi wa kumi na mbili nitakuwa na kuku 30 wa kuuza. Bei usinipunguzie, wamekula umeme hao.